Imani, Amana na Sayari Ambayo Haikuwepo

Karibu kila mabishano kuhusu sayansi hufika mahali ambapo sentensi mbili zinagongana. Mmoja anasema, "Sayansi imeshathibitisha." Mwenzake anamjibu, "Hata hiyo sayansi ni imani tu." Kila mmoja huona kwamba amefunga mjadala, na kwa kweli mjadala hufungika hapo hapo, kwa kuwa hakuna anayejua aendelee vipi.

Nimezisikia sentensi hizi mara nyingi, na ninaona kwamba zimezaliwa na kosa moja. Zote mbili zinachukulia kwamba kuna kitu kiitwacho uthibitisho, kamili kama jibu la hesabu, na kwamba sayansi ama inacho au haina lolote. Wa kwanza anadhani inacho. Wa pili ameng'amua kwamba haina, na hapo yuko sahihi kuliko anavyodhaniwa, lakini kutoka hapo anaruka hadi kwenye dai kwamba basi madai yote yana uzito sawa. Falsafa imetumia karne nyingi kuonyesha ni kwa nini mruko huo hauna msingi. Njia iliyopitwa ni ndefu kidogo, lakini inastahili kufuatwa hatua kwa hatua.

Nianze na sayari. Uranusi iligunduliwa na William Herschel mwaka 1781, na kufikia miaka ya 1840 ilikuwa imewatia wanafalaki aibu. Haikupita pale ambapo sheria ya mvutano ya Isaac Newton ilisema ingepita. Tofauti ilikuwa ndogo, ila ilikuwepo, na ilikuwa ikiongezeka. Mfaransa Urbain Le Verrier hakuitupa sheria ya Newton. Alijiuliza: je, kama kuna sayari nyingine huko nje, haijaonekana bado, inayoivuta Uranusi? Akapiga hesabu za mahali ambapo sayari hiyo ingepaswa kuwa, akaandika barua kwa kituo cha kutazamia nyota cha Berlin. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 Johann Galle akaelekeza darubini pale alipoambiwa, na sayari ikawepo, chini ya digrii moja kutoka mahali palipotajwa. Leo tunaiita Neptuni. Mtu alikuwa ameona kwa kalamu kile ambacho macho hayajakiona.

Ukitaka mfano wa nguvu ya akili ya binadamu, huu unatosha. Lakini kisa hakiishii hapo, na sehemu yake ya pili ndiyo inayonifanya niandike. Nitaifikia.

Pamba na moto

Tuulize kwanza kwa nini uthibitisho kamili haupatikani. Jibu la kale na safi kuliko yote ninayoyajua lilitolewa na mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, alichokikamilisha mwaka 1095. Weka pamba kwenye moto. Inaungua. Umeona nini hasa? Umeona pamba ikigusana na moto, kisha umeona pamba ikiungua. Ule ulazima unaosema kwamba ikigusana na moto haina budi kuungua hukuuona, maana haukupita mbele ya macho yako. Umeona mambo mawili yakifuatana, tena yakifuatana kila mara, na mazoea yako ndiyo yaliyoyafunga pamoja. Kwa Ghazali, anayeumba kuungua ni Mungu, na mfuatano tunaouona ni desturi aliyoiweka, anayoweza kuikatiza akipenda.

Mwanafalsafa Ibn Rushd wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwa ukali. Anayekana kwamba vitu vina sababu, alisema, anaikana akili yenyewe, kwa kuwa kujua kitu ni kujua sababu zake. Jibu hilo ni zito, ingawa halionyeshi ni wapi tulipouona ule ulazima. Linaonyesha tu tutapoteza nini tukiukosa.

Zaidi ya karne sita baada ya Ghazali, mwaka 1739, mwanafalsafa David Hume, Mskoti mwenye umri wa miaka 27, alifika mahali pale pale kwa njia isiyopita kwa Mungu. Akaongeza swali ambalo mpaka leo halijapata jibu linalokubalika na wote. Tunajuaje kwamba kesho itafanana na jana? Utasema: kwa sababu siku zote imekuwa hivyo. Lakini kusema hivyo ni kutumia mambo yaliyopita kuthibitisha mambo yajayo, na hicho ndicho kilichokuwa kinaulizwa. Umerudi ulikotoka. Hata uone pamba milioni zikiungua, hakuna kanuni ya mantiki inayokuvusha kutoka "zote nilizoziona" hadi "zote zilizopo na zitakazokuwepo."

Hapa niweke jambo pembeni, kwa sababu linapotoshwa sana. Ghazali husimuliwa kama adui wa sayansi. Katika utangulizi wa kitabu hicho hicho anasema kwamba hesabu za wanafalaki kuhusu kupatwa kwa Jua na Mwezi hazina shaka, na kwamba anayezipinga kwa jina la dini anaidhuru dini kuliko anavyoisaidia, maana mtu aliyezielewa hesabu hizo hatazitilia shaka hesabu, ataitilia shaka dini. Aliyeandika maneno hayo alijua barabara tofauti kati ya kuuliza msingi wa elimu na kuikataa elimu. Watu wengi leo hawaijui.

Nadharia iwe tete

Kiswahili kina istilahi ambayo naipenda kuliko zile za lugha nyingine nilizozisoma: nadharia tete. Hilo ndilo jina la wazo la kisayansi ambalo bado halijapimwa. Tete ni kitu laini, chepesi kuvunjika. Mwanafalsafa Karl Popper, aliyekulia Vienna, hakukijua Kiswahili, lakini mwaka 1934 alichapisha kitabu ambacho kiini chake kimo ndani ya neno hilo. Alikubaliana na Hume kwamba huwezi kuthibitisha kanuni ya jumla kwa kukusanya mifano. Ila, alisema, unaweza kuivunja kwa mfano mmoja. Pamba moja isiyoungua inatosha. Kwa hiyo tusiulize kama nadharia imethibitishwa. Tuulize kama imejiweka mahali ambapo inaweza kuvunjika.

Alichokuwa nacho akilini ni tukio la ujana wake. Tarehe 29 Mei 1919, wakati wa kupatwa kwa Jua, kikundi cha Arthur Eddington kikiwa kisiwani Príncipe na kingine kikiwa Sobral, Brazil, vilipima jinsi mwanga wa nyota unavyopinda ukipita karibu na Jua. Albert Einstein alikuwa ameshataja kiasi cha kupinda huko. Kama vipimo vingetoka tofauti kabisa, nadharia yake ingekuwa taabuni mbele ya dunia nzima. Popper alilinganisha ujasiri huo na nadharia za saikolojia zilizovuma wakati ule. Alitoa mfano wa watu wawili: mmoja anamsukuma mtoto majini ili afe, mwingine anajitosa majini na kupoteza maisha yake akimwokoa. Mfuasi wa Sigmund Freud alikuwa na maelezo ya wote wawili, na mfuasi wa Alfred Adler alikuwa na maelezo ya wote wawili. Hakukuwa na tendo la kibinadamu ambalo lingewashinda. Wao waliona hiyo ni nguvu ya nadharia zao, na Popper akaona kwamba hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Hoja hii ina uzuri wake, nayo imewaokoa wengi na ulaghai. Ukimsikia mtu ambaye kila tukio linampa ushindi, likienda hivi au likienda vile, una haki ya kumuuliza: ni kitu gani kingekufanya ukubali kwamba umekosea? Lakini haitoshi, na hapa ndipo tunaporudi kwa Le Verrier.

Baada ya Neptuni aliigeukia Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua. Nayo ilikuwa na kasoro: mzunguko wake ulikuwa unageuka taratibu kupita kiasi ambacho sheria ya Newton iliruhusu. Ziada hiyo, kwa vipimo vilivyosafishwa baadaye, ni takriban sekunde 43 za pembe kwa karne nzima, na digrii moja ina sekunde kama hizo 3,600. Mwaka 1859 Le Verrier alitoa jibu ambalo mtu yeyote angelitarajia kutoka kwake. Kuna sayari, au kundi la vimondo, kati ya Utaridi na Jua. Sayari ikapewa jina, Vulcan. Daktari mmoja wa kijijini Ufaransa, mpenzi wa darubini, akasema ameiona ikipita mbele ya Jua. Kwa miongo kadhaa wanafalaki wakaitafuta.

Haikuwepo. Safari hii kilichokuwa na kasoro ni sheria ya Newton yenyewe, na ilibidi kusubiri hadi Novemba 1915 Einstein alete nadharia nyingine ya mvutano.

Soma tena visa viwili hivi ukijiuliza Le Verrier alikosea wapi mara ya pili. Akili ilikuwa ile ile, uangalifu ule ule, na hoja ile ile neno kwa neno: sayari haifuati njia iliyotabiriwa, kwa hiyo kuna kitu ambacho hatujakiona kinachoivuta. Mara ya kwanza hoja ilimpa heshima ya milele. Mara ya pili ilimpeleka kutafuta kitu kisichokuwepo. Kama Popper angefuatwa kwa ugumu wa maneno yake, sheria ya Newton ingetupwa siku Uranusi ilipokosea njia, na Neptuni isingepatikana kwa kalamu.

Mwanafizikia Mfaransa Pierre Duhem alikuwa amelieleza tatizo hili mwaka 1906. Nadharia, alisema, haiendi kwenye mtihani peke yake. Inaandamana na kundi zima la dhana nyingine: kwamba darubini ni nzima, kwamba hesabu ni sahihi, kwamba hakuna kitu kingine angani tusichokijua. Matokeo yakikataa, yanalikataa kundi. Hayanyooshei mmoja kidole. Nani atolewe kwenye kundi ni uamuzi, na mantiki peke yake haiwezi kuufanya uamuzi huo. Mwanafalsafa wa Marekani Willard Van Orman Quine alilipanua wazo hili mwaka 1951 hadi likaifunika elimu yote: unaweza kuishikilia sentensi yoyote ile mbele ya ushahidi wowote ule, mradi uko tayari kugeuza sentensi nyingine kwingineko.

Ghala lililoanguka

Sasa anayesema "sayansi ni imani tu" anapata silaha yake kali kuliko zote, naye apewe haki yake.

Mwaka 1937 mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard alichapisha utafiti wake juu ya Wazande, wanaoishi katika eneo ambalo leo limegawanywa kati ya Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mfano mmoja kutoka humo umejadiliwa na wanafalsafa kwa miongo mingi. Ghala la nafaka linaanguka na kuwaumiza watu waliokaa kivulini chini yake. Mzande anajua kwamba mchwa wamekula nguzo. Anajua pia kwamba watu walikaa pale kwa sababu ya jua kali. Swali lake ni jingine: kwa nini ghala hili lianguke wakati huu, juu ya watu hawa? Mchwa hawajibu swali hilo. Uchawi unalijibu.

Na ramli ikikosea? Wazande walikuwa na bao la sumu: kuku hupewa sumu, na kufa au kupona kwake kukawa jibu. Majibu yakipingana, yalikuwepo maelezo tayari. Sumu ilikuwa mbovu, au mwiko ulivunjwa, au mchawi aliingilia. Kila kushindwa kulielezwa kwa kutumia mfumo ule ule, na mfumo ukabaki salama. Mwaka 1958 Michael Polanyi, aliyekuwa mkemia kabla ya kuwa mwanafalsafa, alisema wazi jambo ambalo msomaji makini ameshaanza kulihisi: wanasayansi nao hufanya hivyo. Sumu ilikuwa mbovu. Darubini ilikuwa mbovu. Kuna mchawi asiyeonekana. Kuna sayari isiyoonekana. Miaka minne baadaye Thomas Kuhn, mwanahistoria wa sayansi, alionyesha kutoka kwenye historia kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kisayansi hufanyika ndani ya kiunzi ambacho hakihojiwi, na kwamba kasoro huvumiliwa kwa miaka mingi kabla kiunzi hakijavunjika.

Robin Horton, Mwingereza aliyefanya kazi Nigeria, aliandika mwaka 1967 kwamba mifumo ya jadi ya Afrika na nadharia za kisayansi zinafanana katika kuyaeleza yanayoonekana kwa yasiyoonekana, na kwamba tofauti kubwa ni kama jamii ina mwamko wa kuwepo kwa maelezo mengine yanayowezekana. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwasi Wiredu, aliona kwamba ulinganisho wenyewe umekaa vibaya, na nadhani aliona mbali kuliko Horton. Kwa nini, aliuliza, fikra za kawaida za Mwafrika zilinganishwe na sayansi iliyosomewa ya Magharibi? Linganisha fikra za kawaida na fikra za kawaida. Kila jamii ina watu wanaoshika mambo kwa sababu wazee walisema hivyo. Mtu anayemeza kidonge bila kujua kinafanyaje kazi hana hoja bora kuliko mtu anayepiga ramli. Ana bahati ya kusimama mwishoni mwa mnyororo mzuri zaidi.

Neno hilo, mnyororo, ndilo la kushika. Tumekuwa tukiitafuta sifa ya sayansi ndani ya kichwa cha mtu mmoja, katika mantiki yake au ukosefu wake wa upendeleo, na hatujaikuta. Mwamba ngoma huivutia ngozi kwake, na mwanasayansi naye ni mwamba ngoma. Le Verrier aliipenda Vulcan yake. Lakini Le Verrier hakuwa na uwezo wa kumzuia mtu mwingine asiitafute na kurudi akisema hakuna. Tena, aliyerudi na jibu hilo hakuwa amevunja mwiko. Na Einstein, aliyeiondoa sheria ya Newton kwenye kiti chake, hakufukuzwa. Alipewa heshima kubwa akiwa hai.

Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, aliitaja mwaka 1942 shaka iliyopangwa kuwa mojawapo ya desturi zinazoishikilia sayansi. Mwanafalsafa Helen Longino alikwenda mbali zaidi mwaka 1990: kutopendelea si sifa ya mtu, ni sifa ya jamii ambamo watu wenye mielekeo tofauti wana nafasi ya kweli ya kukosoana na kusikilizwa. Ikitokea wote wakafanana, makosa yao nayo yatafanana, na hakuna atakayeyaona.

Imani ipi?

Imani, kuamini, uaminifu na amana ni maneno ya mzizi mmoja uliotufikia kutoka Kiarabu. Kwa kuwa tunayatumia kila siku, tunasahau kwamba amana ni jambo la pekee sana. Ni mali niliyokukabidhi uitunze. Sikuoni ukiitunza, lakini ninayo haki ya kuja kuidai, na wewe unalijua hilo.

Karibu yote tunayoyajua tumeyapokea kwa kuwaamini wengine. Siku uliyozaliwa unaijua kwa kuambiwa. Wanasayansi wenyewe hawako tofauti. Mwaka 2015 vikundi viwili vya CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho karibu na Geneva, vilichapisha kwa pamoja makala ya kipimo cha uzito wa Higgs, mojawapo ya chembe za msingi za maumbile. Makala ilikuwa na waandishi 5,154, na kati ya kurasa zake 33, kurasa 24 zilijaa majina yao na taasisi zao. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeikagua kazi yote. Kila mmoja alijua kipande chake na kuwaamini wenzake kwa vilivyobaki.

Kwa hiyo ndiyo, sayansi imejaa imani. Anayesema hivyo asipingwe, aulizwe: imani ipi? Ile ambayo kuiulizia ni utovu wa adabu, au ile ya amana, ambayo mwenyewe anaweza kuja wakati wowote na kusema nionyeshe? Mwaka huo huo wa 2015 watafiti wa saikolojia walirudia majaribio 100 yaliyokuwa yamechapishwa kwenye majarida ya heshima, na ni kama theluthi moja tu yaliyotoa tena matokeo yenye nguvu ya kitakwimu. Wengi waliichukua habari hiyo kama anguko la sayansi. Mimi niliisoma kama siku ya kudai amana. Ilisikitisha, kwa kuwa sehemu kubwa haikuwepo, lakini waliokuja kudai walikuwa wenye nyumba wenyewe.

Amana huweza kuliwa, na hapo ndipo mjadala huu unapoacha kuwa wa vitabuni. Kuanzia 1932 hadi 1972, Huduma ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 katika eneo la Tuskegee, Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende. Waliambiwa kwamba wanatibiwa "damu mbaya." Penisilini ilipokuwa tiba inayojulikana, hawakupewa. Walitazamwa wakiugua, na utafiti ulikoma tu baada ya habari kufika magazetini. Mtu ambaye jamii yake ilitendewa hivyo, akisita mbele ya daktari wa serikali, hajashindwa kufikiri. Anatumia ushahidi alionao. Kumwita mjinga ni kumkosea mara ya pili, na ni kosa la kielimu pia, maana imani iliyovunjwa hairudishwi kwa kumwongezea mtu takwimu.

Huko Urusi ya Kisovieti mnyororo ulikatwa kwa namna nyingine. Nikolai Vavilov, mtaalamu wa mimea na urithi, alikamatwa mwaka 1940 na kufia gerezani 1943. Mwaka 1948 mafundisho ya Trofim Lysenko, aliyeikana elimu ya jeni, yalitangazwa kuwa msimamo rasmi, na elimu ya jeni ikapigwa marufuku. Maabara zilibaki, vyeo vilibaki, majarida yalibaki, lakini haki ya kusema "umekosea" ilikuwa imeondoka, na yote yaliyobaki hayakuweza kuziba pengo lake.

Shaka nayo inaweza kughushiwa. Hati ya ndani ya kampuni moja ya sigara ya Marekani, ya mwaka 1969, ilisema bila kificho kwamba shaka ndiyo bidhaa yao. Ushahidi wa uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu ulikuwa umeshajengeka tangu miaka ya 1950. Haukuhitaji kushindwa, ulihitaji tu kucheleweshwa. Ukitaka kuitambua shaka ya namna hii, ulize ni ushahidi gani ungeiridhisha. Shaka ya kweli ina jibu. Ile ya kuuzwa husogeza mstari kila unapoukaribia.

Nani yumo jahazini?

Limebaki fundo moja, nalo hufunguliwa vibaya na wapenzi wa sayansi wenyewe. Wanasema: fuateni sayansi. Lakini Hume alishaonyesha kwamba kutoka kwenye "mambo yako hivi" hakuna njia ya mkato hadi "tufanye hivi." Sayansi inaweza kukadiria ni wagonjwa wangapi watapungua endapo shule zitafungwa. Haiwezi kusema ni nani abebe mzigo wa kufungwa kwake. Mwanafalsafa Richard Rudner aliongeza mwaka 1953 kwamba maadili huingia hata mapema zaidi. Ushahidi haufiki asilimia mia, kwa hiyo mtu huamua kiasi gani kinatosha, na uamuzi huo hutegemea uzito wa kosa. Kwa dawa ambayo huenda ina sumu utadai ushahidi mwingi kuliko kwa fungu la vifungo vya mkanda vilivyotoka kiwandani. Hapo hakuna aliyekiuka akili; ndivyo akili inavyofanya kazi panapokuwa na watu wa kuumia.

Mwanahisabati Mwingereza William Clifford alikuwa na picha yake ya jambo hili mwaka 1877. Mwenye meli ana wasiwasi kwamba meli yake imechakaa. Anajituliza, anajiaminisha kwamba Mungu ataiongoza kama safari zilizopita, anaiacha iondoke na abiria. Inazama. Clifford anasema ana hatia, na angekuwa na hatia ile ile hata kama ingefika salama, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Kisha akatoa kanuni kali: ni kosa daima, popote, kwa yeyote, kuamini lolote bila ushahidi wa kutosha. Mwanafalsafa wa Marekani William James alimjibu mwaka 1896. Kuna mambo, alisema, ambayo ushahidi hauwezi kuyaamua na kusubiri nako ni uamuzi. Urafiki ni mfano. Ukingoja ithibati kwamba mtu anakupenda kabla hujamfungulia moyo, urafiki hautazaliwa. Na imani ya dini kwake ilikuwa ya namna hiyo.

Kwa miaka mingi wawili hawa wamesomwa kana kwamba mmoja lazima ashinde. Ninaona kila mmoja yuko sahihi ndani ya mfano wake, na mifano inatofautiana kwa jambo moja ambalo halitajwi vya kutosha: nani yumo jahazini. Anayemwamini rafiki anahatarisha moyo wake mwenyewe. Mwenye meli anahatarisha watu waliomkabidhi maisha yao, nao hawakuulizwa. Imani inayobebwa na mwenye kuamini peke yake ina uhuru ambao ile inayobebwa na abiria haiwezi kudai, na hilo linamhusu waziri, daktari, mhubiri na mwanasayansi kwa kipimo kimoja.

Swali la Vulcan lenyewe bado liko wazi. Mwanafalsafa wa sayansi Imre Lakatos alijaribu kutunga kipimo cha lini mtafiti aiache nadharia inayodhoofika, na rafiki yake Paul Feyerabend, mwanafalsafa mwenzake, akamwambia kwamba kipimo kisichotaja muda hakimwambii mtu afanye nini leo. Le Verrier alifariki tarehe 23 Septemba 1877, miaka 31 kamili baada ya ule usiku wa Neptuni, akiwa bado anaiamini sayari yake ya pili. Mwaka uliofuata, Jua lilipopatwa huko Marekani, mwanafalaki James Craig Watson akatangaza kwamba ameiona, wakati wengi wengine waliotazama anga lile lile hawakuona kitu. Mwaka 1882 mwanafalaki Simon Newcomb alipiga upya hesabu za Utaridi, akaipata ile ziada ya sekunde 43 kwa karne, akaiandika, ikabaki kwenye majedwali bila maelezo. Novemba 1915 Einstein alizipitisha milinganyo yake mipya kwenye mzunguko wa Utaridi, bila sayari yoyote ya ziada, na jibu likatoka 43. Baadaye alisimulia kwamba moyo ulimwenda mbio.